Ule mgrivea wa bondeni, na kuni tulizotaka kubeba zikiwa mbichi

Mama alipiga simu saa kumi na mbili kasoro asubuhi, siku ya Jumanne, mwezi wa nne. Mama akipiga saa hizo najua kuna jambo. Akasema, "Mti wa bondeni umelala. Na umelalia mfongo."

Mimi naishi huku mjini Moshi, Majengo, na usiku ule mvua ilinyesha mpaka kelele za bati zikatunyima usingizi, kwa hiyo habari ya mti kuanguka haikunishtua sana, huo mgrivea tulishauona tangu mwaka jana umeanza kuinama na udongo wa upande wa juu umeachia. Kilichoniumiza ni mfongo. Kwa asiyepajua huku kwetu, mfongo ni ule mfereji wa jadi ambao wazee waliuchimba kuteremsha maji kutoka mlimani mpaka vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya nyumbani ya migomba na kahawa, unapita kwa huyu unaingia kwa yule, na kila mtu ana zamu yake ya maji. Mti wako ukiziba mfongo sio shida yako peke yako tena, wa chini wanakosa maji na wa pembeni maji yanamwingilia jikoni. Kabla sijapata daladala ya kupanda Kibosho, kwetu huko mlimani, baba mdogo na majirani watatu walishashuka na mapanga wakakata matawi, wakachimba kanjia pembeni maji yakapita. Hiyo ndo raha ya kuishi na watu.

Kwa hiyo tatizo la mfongo liliisha siku hiyo hiyo. Haraka iliyobaki ilikuwa yetu wenyewe, mimi hasa, maana nilipofika nikaona lile shina limelala pale, nene kuliko mtu anavyoweza kulikumbatia, nikaona kuni. Kuni za mwaka mzima za mama, na zaidi.

Ngoja niseme kwanini kuni ni jambo kubwa hivyo kwa mama yangu, kuna watu watasoma hapa watauliza kwani hana gesi. Anayo. Mtungi upo, anachemshia chai na kupashia uji. Ila makande ya familia nzima, maharage, maji ya kuoga wazee, na ndizi za mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kukiwa na shughuli, zile za kuchemka kuanzia asubuhi mpaka jioni, hizo zinapikwa kwa kuni, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi unaisha na hela ya kujaza haipo. Najua serikali ina mkakati wa nishati safi wa 2024 mpaka 2034, wanataka asilimia 80 ya watu wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote kwa sababu nimekua nikimwona mama anatoka jikoni macho mekundu. Lakini leo, jioni hii, sufuria iko juu ya mafiga na kuna kuni chini yake. Basi angalau ziwe kuni kavu.

Na pia kuni huku sio kitu cha kuokota tu. Zamani mama na wenzake walikuwa wanapanda juu, kule kwenye ule ukanda wa nusu maili, msitu uliotengwa mwaka 1941 kuzunguka upande huu wa mlima ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia kwenye msitu wenyewe. Walikuwa wanatoka alfajiri, wanarudi na mzigo kichwani, ngata ya majani makavu ya migomba chini yake, kamba imekatwa kwenye mgomba hapo hapo. Mama ana maumivu ya shingo mpaka leo na hajawahi kuyalaumu kwa kitu kingine. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaunganishwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, masharti yakakaza, na mwenye akili akaanza kutegemea miti ya kihambani kwake. Migrivea mingi mnayoiona kwenye kahawa huku ilipandwa kwa kazi hizo hizo, kivuli, mbao, kuni. Asili yake ni Australia lakini imezoea udongo wetu kama ya kwetu. Kwa hiyo mgrivea mzima kulala ni kama ng'ombe amevunjika mguu, imeshatokea, usiache nyama ioze.

Kibali tulifuata. Hata mti ukiwa wako na umeangushwa na upepo, huku hukati tu, ukisikika unanguruma na msumeno wa moto bila karatasi utaulizwa, na ni haki uulizwe kwa jinsi miti inavyoisha. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja akauona, akaandika, tukapeleka kijijini, ikachukua siku tatu. Jumamosi tukawa huru.

Sasa msumeno.

Msumeno tuliazima kwa shemeji, anakaa upande wa Machame, mashine nzuri tu lakini mara ya mwisho kufanya kazi ilikuwa kabla ya Krismasi na aliiweka stoo na petroli yake ndani. Sikulifikiria hilo. Nikavuta kamba, nikavuta, nikavuta, mara ikohoe mara inyamaze, nikaweka choki nikatoa choki, harufu ya petroli ikajaa pale bondeni mpaka baba mdogo akasema acha, umeshaizamisha. Tukafungua plagi, imelowa, nyeusi tii. Tukaifuta, tukavuta kamba plagi ikiwa nje ili petroli iliyozidi itoke, tukarudisha, ikawaka sekunde mbili ikazima. Hivyo hivyo mpaka saa tano.

Fundi pikipiki wa pale barabarani ndo alituonyesha. Alifungua kabureta akaniambia tazama, nikaona ndani kuna utando wa rangi ya asali umeganda kwenye vile vitundu vidogo, mfano wa vanishi. Ile petroli iliyochanganywa na oili ikikaa miezi, ile nyepesi yote inapaa, inabaki gundi, na gundi inaziba. Kile kipira chembamba cha ndani kinachovuta mafuta nacho kilishakakamaa. Akaosha, akapuliza kila kitundu, akasema mkanunue kipira na plagi mpya mjini.

Hapa nina uchungu kidogo. Duka moja la vipuri mjini, nawaachia heshima yao siwataji, tuliwapelekea plagi ya zamani kabisa mkononi, wakatupa mpya wakasema ndo yenyewe. Tumepanda nayo mpaka juu. Baba mdogo, ambaye hana haraka na kitu chochote duniani, akazilaza zote mbili kwenye kiganja chake, ya zamani na mpya, akazisogeza mpaka zikalingana kichwa, akanionyesha. Mpya ilikuwa na nyuzi ndefu zaidi, kama upana wa punje mbili za mchele. Ingeingia vizuri tu, ingefunga, na mvuto wa kwanza ingegongana na pistoni. Msumeno wa watu! Nikarudi mjini, nauli nyingine, nusu siku nyingine. Tangu siku ile kipuri chochote nakilaza na cha zamani hapo hapo mbele ya muuzaji, na namwomba radhi lakini nalaza.

Na mafuta. Msumeno huu umeandikwa 50 kwa 1, yaani lita moja ya petroli inakunywa mililita 20 za oili ya tustroki, basi. Wengi tunamimina kwa macho, na macho yanadanganya, oili ikipungua pistoni inakwaruzika na mashine inakufa kabisa, ikizidi inatoa moshi na plagi inashika masizi. Tulinunua bomba la sindano duka la dawa, lile kubwa la mililita 20, bomba moja kwa lita moja, tukatikisa kwenye kidumu. Tena tulichanganya lita mbili tu za kazi ya siku hiyo ili isibaki ya kulala.

Ikawaka. Jamani ile sauti, bonde zima likajibu.

Furaha ikadumu kama dakika kumi hivi, kisha nikaona kinachotoka kwenye mti sio vipande, ni unga. Unga laini kama wa sembe, na moshi, na mkato unapinda kwenda kulia kama barabara ya Marangu. Mimi nikawa nausukuma msumeno kwa mikono na kifua, nikidhani mti ni mgumu. Mgrivea sio mti mgumu. Baba mdogo akanigusa bega akasema, "Usiusukume. Ukiona unga, cheni imekufa." Cheni nzuri inatoa vipande vinavyoonekana, kama makapi ya mahindi yaliyokobolewa, na msumeno unajivuta wenyewe kwa uzito wake, wewe unashikilia tu.

Cheni ilikufa kwa sababu yangu. Lile shina lilianguka kwenye tope, ganda zima limejaa mchanga, na mimi nikaingiza meno moja kwa moja kwenye huo mchanga, halafu kwenye mkato wa kwanza ncha ikagusa ardhi upande wa pili. Mguso mmoja tu wa udongo unatosha kuharibu meno yote. Kwa hiyo tukachota maji ya mfongo tukaosha shina, sehemu zenye tope kavu tukabandua ganda kwa panga, halafu tukakaa chini kunoa.

Kunoa ndo kazi niliyoipenda kuliko zote na nilikuwa siijui. Unahitaji tupa ya duara, ya unene unaolingana na meno ya cheni yako, sio tupa yoyote. Baba mdogo alifunga msumeno kwenye kisiki, akapaka chaki jino la kwanza ili ajue alipoanzia. Tupa inakwenda upande mmoja tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, huirudishi kwa kukwaruza, unainyanyua unaanza tena. Kila jino alilipitishia tupa mara nne, sio tano, sio tatu, nne, meno ya upande huu yote kisha anageuka upande wa pili. Nikamuuliza kwanini anahesabu. Akasema meno ya upande mmoja yakiwa makali au marefu kuliko ya upande mwingine msumeno unaelekea huko, ndo maana mkato wangu ulikuwa unapinda. Unaisikia sauti ya tupa inabadilika kwa kweli, mwanzo inakwaruza, mara ya nne inateleza na kutoa mlio mwembamba, na pale kwenye ncha ya jino kile kimstari cheupe kinachong'aa kinapotea. Kikipotea ndo limenoleka. Ukali haung'ai.

Kulikuwa na lingine. Cheni ilikuwa inapata moto mpaka inalegea, ikachomoka mara mbili, na mara ya pili ilinipiga kwenye buti, nashukuru Mungu nilivaa buti. Tatizo lilikuwa oili ya cheni, shemeji alikuwa anaweka oili chafu iliyotolewa kwenye gari, wengi wanafanya hivyo kwa sababu ni ya bure. Oili chafu ina chembechembe za chuma na uchafu, inaziba katundu kanakopeleka oili kwenye cheni. Tukasafisha kwa kijiti na petroli, tukaweka oili safi. Baba mdogo ana kipimo chake, alikata jani la mgomba akalitandika kwenye gogo, akaelekeza ncha ya msumeno juu yake bila kugusa, akavuta mafuta, na mstari mwembamba wa oili ukajichora kwenye jani. Mstari ukitokea, kata. Usipotokea, zima. Kila ukijaza petroli unajaza na oili ya cheni, viwili vinakwenda pamoja.

Halafu msumeno ukabanwa. Lile shina lilikuwa limelala kama daraja, huku limekalia ukingo wa mfongo na huku mizizi, katikati hewa. Nikakata kutoka juu, nikafika katikati, shina likashuka kidogo likaufumba mkato na msumeno ukabaki humo kama mkono kwenye mlango. Ukiung'ang'ania hapo unapinda lile bapa linalobeba cheni na bapa ni hela nyingi. Tulizima, tukachonga kabari mbili za mti mkavu, tukazigonga kwenye mkato kwa kisogo cha shoka mpaka ukafunguka. Kumbe mti uliolala hivyo upande wa juu unabanwa na wa chini unavutwa, unakata juu kidogo, kama theluthi, halafu unamalizia kutokea chini kwenda juu, unafunguka wenyewe. Ukiwa umekalia katikati na ncha zinaning'inia ni kinyume chake. Sasa nikiona mti umelala najiuliza kwanza uzito wake unataka kwenda wapi, kabla sijawasha chochote.

Na kwa mti uliong'oka na mizizi, tafadhali sana, hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: ile sahani ya mizizi na udongo inayosimama, ukishakata shina inaweza kurudi shimoni ghafla kama mtego. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza kwenye lile shimo asubuhi ile. Baba mdogo aliwatoa wote, akaweka egemeo la nguzo mbili, ndo tukakata. Na kweli, shina lilipoachia ile sahani ya mizizi ilinyanyuka ikajitikisa ikarudi nyuma hatua nzima, nguzo moja ikavunjika. Sijawahi kunyamaza vile.

Jioni tukawa na magogo ya mita moja moja, ishirini na kitu. Na hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko ya msumeno yote. Nikaita guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu.

Mama alisema mapema kabisa, akiwa amesimama juu ya ngazi ya shamba na khanga yake begani, "Hizo acheni huko huko." Nikamwambia mama mvua itazioza, mara wezi, nikawa na majibu. Kijana wa guta akaja, akashika gogo moja upande akalinyanyua akaliachia. "Kaka, huu mzigo ni mbichi." Nikamwambia twende tu, nitaongeza hela. Hebu fikiria, gogo la mgrivea la mita moja lenye unene wa sentimita 30 likiwa bichi linakaribia kilo 60, na karibu nusu ya huo uzito ni maji. Tulipakia kumi na tatu. Hiyo ni karibu kilo 800 kwenye guta, kwenye kile kilima chetu cha udongo mwekundu, mwezi wa nne, saa kumi na moja jioni.

Kona ya kwanza ilipanda. Kona ya pili gurudumu la mbele likaanza kunyanyuka, nikakaa mbele juu ya tanki kuongeza uzito na baba mdogo akawa nyuma na jiwe la kuwekea tairi. Kijana akawa anashika klachi nusu, anaachia, anashika, tairi zinazunguka kwenye tope, na ikaja ile harufu. Mwenye pikipiki anaijua, harufu ya klachi kuungua, kama kwato zinachomwa. Akazima akaweka mikono kichwani. Hakutukana, hakulalamika, alisema tu, "Meku, imeisha," akimwambia baba mdogo, sio mimi.

Guta lile ndo linalomlisha mke wake na mtoto. Nililipia pleti za klachi na ufundi na siku mbili alizokaa bila kazi, na bado naona sikulipa vya kutosha kwa sababu aliniambia kabla. Tulishusha magogo yote gizani, mvua imeanza tena, tukayapanga pembeni ya njia na tukalisukuma guta tupu mpaka barabarani.

Usiku mama alitupa chai na ndizi za kuchoma, hakusema nilikwambia. Alisema kitu kingine. Kwamba wakati wanapanda kule nusu maili, wasichana wageni walikuwa wanakata mbichi kwa sababu mbichi inakatika kirahisi, na wakubwa walikuwa wanatafuta matawi yaliyokaukia juu ya mti au yaliyoanguka zamani. "Aliyebeba mbichi alikuwa anabeba maji mlimani kuyapeleka nyumbani, na nyumbani maji yapo." Nimeyafikiria hayo maneno sana. Maji yale yale tuliyotaka kuyapandisha kwa klachi ya mtu, tungekuja tena kuyachemsha jikoni kwa moto wa kuni zenyewe, maana kuni mbichi kabla ya kupika chakula chako inatumia moto wake kukausha maji yake, na moto uliopozwa na hayo maji ndo unaotoa ule moshi mzito mweupe unaojaza jiko na kumtoa mama machozi. Unalipa mara mbili.

Basi wiki iliyofuata tukaanza upya, kwa utaratibu wa mama. Tulipasua magogo pale pale yalipo. Mgrivea mbichi unapasuka vizuri, nyuzi zake zimenyooka, ukikwepa vifundo. Shoka lilitusumbua siku ya kwanza, kichwa kilichomoka kikapita juu ya migomba, bahati hakukuwa na mtu upande ule. Mpini ulikuwa wa mparachichi, mwepesi, ulishakauka ukasinyaa, na mtu alikuwa ameurekebisha kwa misumari, misumari inapasua mpini tu. Baba mdogo alichonga mwingine wa mpera, akauacha jikoni juu ya dari la moshi siku kadhaa mpaka ukauke, ndo akaukaza kwa kabari moja ya mti inayoingia kwa kubanwa. Mpera hauchoki, unanesa kidogo mkononi na hauumizi kiganja. Hilo shoka sasa nalipenda kama chombo changu mwenyewe.

Vipande tulivipasua unene wa kiwiko cha mkono hivi, sio vinene. Tukalaza fito mbili chini ili kuni zisiguse udongo, mchwa na unyevu viko chini, tukapanga juu yake zikipishana hewa ipite, ganda likitazama juu kwenye safu ya mwisho. Mwanzoni nilizifunika zote kwa turubai mpaka chini nikijua nazikinga na mvua, baada ya wiki mbili nikafunua nikakuta ukungu mweupe na harufu ya uyoga. Hewa ndo inayokausha, sio kufunika. Tukatoa turubai, tukaweka bati chakavu mbili juu na mawe, pembeni wazi. Mwizi hakuja. Majirani walikuwa wanapita wanaziona, na mmoja alipanga zake vile vile mwezi wa sita.

Nilifanya na kipimo kimoja cha kujiridhisha. Kipande kimoja nilikifunga kitambaa chekundu, nikakipeleka dukani kwa mangi kwenye mizani, mwezi wa tano kilikuwa kilo 5.2. Mwezi wa saba, na ile baridi yetu na ukungu wa mlimani, kilikuwa kimeshuka kidogo tu nikakata tamaa. Mwezi wa nane upepo ukaanza na jua likatoka. Katikati ya mwezi wa tisa kilikuwa kilo 3.4. Kipande kile kile, moto ule ule ndani yake, na karibu kilo mbili zimeondoka zenyewe bila mtu kuzibeba.

Kuzipandisha ilikuwa Jumamosi moja. Tulikuja mimi, baba mdogo, shangazi na watoto wake wawili wakubwa, na toroli la kuazima ambalo lilipata pancha ya mwiba safari ya tatu tukaliacha, haikuwa na maana, tukabeba begani na kichwani mpaka njiani. Shangazi alikunja majani makavu ya mgomba akasokota ngata bila hata kutazama mikono yake, akapandisha mzigo ambao mwezi wa nne asingeweza hata kuusogeza. Mama alitaka kubeba, tukamkatalia, akabeba kidogo hivyo hivyo. Njiani alikuwa anasubiri yule yule kijana wa guta, nilimpigia mwenyewe na nilimwambia njoo uzipime kwanza kabla hujakubali. Alichukua vipande viwili akavigonganisha. Kavu inalia, ina sauti ya juu kama kengele ya mti, mbichi inasema tu bubu. Akacheka akaanza kupakia. Alipanda zile kona mbili gia ya pili, hakushika klachi nusu hata mara moja, nilikuwa natembea nyuma nasikiliza.

Jioni mama aliweka makande. Niliingia jikoni nikakaa kwenye kigoda chake, jiko lina mlango mdogo na kidirisha kimoja, na niliona ukuta wa pili, kitu ambacho tangu utoto sijawahi kukiona wakati moto unawaka. Aliweka vipande vitatu kama alivyozoea kila siku. Moto ukapanda ukalamba mpaka masikio ya sufuria, makande yakaanza kufurika. Mama akainama, akavuta kipande kimoja nje, akakizima ncha kwenye majivu, akakiegemeza ukutani kwa ajili ya kesho.